Pakiti Ikipita Tarehe, Nani wa Kuamua?

Pakiti ya tambi inayouzwa Igoma, jijini Mwanza, ilipigwa tarehe yake siku ilipotoka kiwandani, pengine Dar es Salaam, pengine ng'ambo. Tangu hapo imelala ghalani, imepakiwa kwenye lori na kufunikwa turubai, imepita Dodoma, Singida na Shinyanga juani, safari ya zaidi ya kilomita 1,100, ikashushwa Mwanza na kukaa stoo ya muuzaji wa jumla kabla ya bodaboda kuifikisha kwenye duka la mtaani. Kama mwisho wa safari ni kisiwa cha Ukara, au kambi ya wavuvi kwenye kisiwa kidogo zaidi, basi kuna kivuko na mtumbwi bado, na mawimbi yanayorusha maji juu ya maboksi. Katika mwendo huo wote tarehe haikusogea hata siku moja. Chakula kilichomo ndani kimesogea.

Mabishano ya mtaani kuhusu tarehe hizi huwa na pande mbili tu. Wapo wanaotupa pakiti kesho yake tarehe inapopita, hata ikiwa ni ya sukari. Wapo wasioigeuza pakiti kuitazama kabisa, maana pesa imeshatoka na watoto wanasubiri. Wa kwanza wanaiogopa tarehe mahali ambapo haina neno. Wa pili wanaidharau mahali ambapo ingeweza kuokoa uhai. Msimamo ninaoutetea hapa ni wa tatu. Mwenye sufuria ana haki ya kukipima chakula chake kilichopita tarehe na kuamua mwenyewe, mradi anajua anachokipima. Mwenye duka hana haki ya kumwamulia.

Tarehe inadhamini nini

Viwango vya kimataifa vya chakula huandikwa na Tume ya Codex Alimentarius, iliyoanzishwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya FAO na WHO mwaka 1963. Kiwango chake cha lebo za vyakula vilivyofungashwa ni cha mwaka 1985, na sehemu ya tarehe ilirekebishwa mwaka 2018. Humo kuna tarehe za aina mbili. Ya kwanza ni ya ubora: hadi siku hiyo mtengenezaji anasimamia ladha, harufu na ukavu wa biskuti yake, na ikishapita chakula kinaweza bado kufaa kuliwa. Ya pili ni ya usalama: ikipita, chakula kisiuzwe wala kisiliwe. Ya ubora hujulikana kwa herufi BB, na ya usalama mara nyingi hupigwa EXP.

Kwenye maduka yetu tofauti hiyo imefutika. Pakiti nyingi za vitu vikavu visivyoweza kumdhuru mtu hupigwa EXP ileile inayopigwa kwenye maziwa ya mtoto mchanga, na mnunuzi hana namna ya kujua kwamba alama hizo mbili zinabeba uzito tofauti. Codex yenyewe inaruhusu baadhi ya vyakula visiwe na tarehe hata kidogo: siki, chumvi isiyotiwa madini joto, sukari isiyoongezwa virutubisho, pipi. Anayetupa sukari kwa sababu ya namba iliyoko kwenye mfuko anatupa fedha yake bure.

Ipo pia mistari midogo ambayo huwa hatuisomi. Tarehe ya ubora inasimama kwa masharti mawili: pakiti iwe haijafunguliwa, na iwe imehifadhiwa kama ilivyoelekezwa, ambayo karibu kila mara ni mahali pakavu penye ubaridi. Masharti hayo mawili ndiyo yanayovunjika Mwanza, tena yanavunjika mapema, kabla chakula hakijafika nyumbani.

Nenda kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, jioni utazame. Mama anayeishi kwa kipato cha siku hanunui pakiti. Ananunua robo ya sukari, kilo ya unga, mchele kilo moja na nusu, mafuta ya kupima kwenye chupa aliyotoka nayo nyumbani. Unga umetoka kwenye mfuko wa kilo 25 ulio wazi tangu juzi, au tangu mwezi uliopita. Mafuta yametoka kwenye dumu la lita 20 linalofunguliwa na kufungwa kutwa nzima. Tarehe imebaki kwenye mfuko, na mfuko umebaki nyuma ya kaunta. Kwa kaya nyingi za Mabatini, Igogo na Buhongwa swali la tarehe halijitokezi kwa sababu hawajawahi kuishika lebo yenyewe.

Joto la bati

Mwanza iko mita zipatazo 1,140 juu ya usawa wa bahari, hivyo usiku wake hauna fukuto la Dar es Salaam. Tatizo ni nyumba. Bati lisilo na dari hugeuza chumba kuwa tanuri ifikapo saa nane mchana, na kwenye miteremko ya Mabatini na Igogo, ambako nyumba zimebanana katikati ya majabali, mawe yaliyokunywa jua mchana kutwa huendelea kutoa joto baada ya magharibi. Kanuni ya jumla ya wataalamu wa chakula ni kwamba joto likiongezeka kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya mafuta kuchacha na vitamini kupotea huongezeka karibu maradufu. Viwanda navyo hutumia kanuni hiyo: huweka sampuli kwenye chumba cha joto kali kwa wiki kadhaa, hupima kilichoharibika, kisha hukokotoa tarehe ya kuandika. Hesabu hiyo ilifanywa kwa ghala lenye ubaridi. Kwa pakiti iliyoshinda miezi minne juu ya kabati, shibiri mbili kutoka kwenye bati, siku zilizobaki ni chache kuliko zilizoandikwa. Kwa ile iliyokaa chini, gizani, mahali pakavu, zinaweza kuwa nyingi zaidi.

Halafu kuna unyevu. Mvua za vuli hunyesha Oktoba hadi Desemba, za masika Machi hadi Mei, na katikati yake upepo wa Ziwa Victoria haukosi. Ukungu na bakteria haviwezi kuota pasipo maji, ndiyo maana unga mkavu ni salama na unga uliopata umande si salama, hata kama wote ulisagwa siku moja. Unga ulioganda mabonge umeshakunywa maji kutoka hewani.

Kwa hiyo mahali pa kuweka chakula katika nyumba ya kawaida ya Mwanza si juu ya kabati, ingawa ndiko tunakopenda kuweka tukikwepa panya. Ni chini, mbali na jiko la mkaa na mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri, juu ya mbao na si kwenye sakafu ya saruji, kwa sababu saruji hupitisha unyevu kutoka ardhini. Ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, ya aina wanayouzia mafuta ya kula, ni ghala zuri, ila ile iliyouziwa rangi isiguse chakula kamwe. Ijaze hadi juu. Nafasi tupu ndani ya ndoo ni hewa, na hewa ndiyo inayowapa uhai wadudu na kuchachisha mafuta.

Kanuni hiyo imeokoa mahindi mengi ya wakulima wa Kanda ya Ziwa. Mifuko ya PICS, iliyobuniwa na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kwa ajili ya kunde za Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980, ina tabaka tatu. Fukusi waliofungiwa ndani humaliza hewa safi na kufa, bila dawa yoyote. Hata dumuzi, mdudu mharibifu aliyeingia nchini kupitia Tabora na kugundulika mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambaye wakulima wengine walimwita Skania kwa jinsi anavyotafuna magunia kwa magunia, hafurukuti mfuko ukifungwa sawasawa.

Chakula kisicho na lebo

Watu wa mwambao huu wa ziwa walihifadhi chakula kwa mwaka na zaidi kabla ya kuiona pakiti. Wasukuma hukata viazi vitamu vibichi na kuvianika juani hadi vinakuwa michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, huitwa matobolwa. Vyote huwekwa kwenye kihenge na kuliwa viazi vya shambani vinapokuwa vimekwisha. Ukerewe na Mara wana udaga, muhogo uliochachushwa, ukakaushwa na kusagwa. Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, hupokea dagaa waliokaushwa visiwani na kuwasafirisha hadi Kongo, Rwanda na Burundi. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichokuwa na tarehe. Kilichokuwepo ni ujuzi wa kujua chakula kimekauka au hakijakauka: ukiuvunja mchembe unalia, ukimvunja dagaa hapindi.

Ujuzi huo una gharama ukiachwa. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime walipata ugonjwa wa kupooza miguu unaoitwa konzo, na wengi wao hawakutembea tena kama zamani. Sababu ilikuwa muhogo mchungu ambao, kwa njaa na haraka, haukupewa siku za kutosha za kuchachuka na kukauka, hivyo sumu yake ya sianidi ikabaki. Chakula kile kilikuwa kipya kabisa. Tarehe yoyote ambayo ingeandikwa juu yake ingekuwa mbali sana, na kingeumiza vilevile.

Ndiyo maana nasisitiza kuvijua vyakula vyenyewe, kimoja kimoja, maana havizeeki kwa namna moja.

Chukua unga wa mahindi. Sembe imekobolewa, kiini chenye mafuta kimetolewa, ikiwekwa pakavu inakaa miezi mingi. Dona imesagwa na kiini chake, ndiyo maana ina virutubisho zaidi, na ndiyo maana huchacha mapema: baada ya miezi miwili au mitatu ya joto utasikia harufu inayokereketa kooni, na ugali utakuwa na uchungu ulimini. Unga wa lishe wa watoto ni dhaifu zaidi, kwa sababu tunauchanganya na karanga na soya zenye mafuta mengi. Unaofungashwa kwa kilo na kuandikwa mwaka mzima unanipa mashaka. Ningemshauri mama asage kidogo kidogo, wa wiki mbili au tatu, hata kama mashine iko mbali.

Mchele mweupe ni mvumilivu. Mchele wa msimu uliopita hunywa maji zaidi na kuchambuka vizuri, wapishi wa pilau wanaupenda. Ukipata wadudu, pepeta, chambua, osha. Fukusi si sumu, ni mwizi. Tambi kavu nazo ni vivyo hivyo, mwaka mmoja baada ya tarehe haziji na hatari yoyote zikiwa kavu na pakiti haina tundu. Tambi za kuchemsha kwa dakika tatu ni jambo tofauti, kwa kuwa nyingi hukaangwa kiwandani na mafuta yake huchacha.

Maharage yanahitaji maelezo zaidi, kwani hasara yake imejificha. Maharage ya Kagera yaliyokaa mwaka mmoja na nusu kwenye joto na unyevu ni salama kabisa kuliwa, ila yamekuwa magumu. Ngozi na viini vyake vimebadilika na havipitishi maji kama zamani. Utayachemsha saa tatu au nne pale ambapo mapya yangeiva kwa saa moja na nusu. Kwa bei ya mkaa wa Mwanza, maharage uliyoyapata kwa bei nafuu yanaweza kuwa ghali kuliko mapya. Yaloweke usiku kucha, umwage maji, ubandike na maji mengine. Magadi kidogo huyalainisha, lakini huharibu vitamini B1, hivyo yawe ya dharura tu. Mtu mwenye gunia la maharage ya zamani afadhali ayapike mengi kwa siku moja jirani wagawane, kuliko kuwasha jiko kila jioni.

Mafuta ya kula huharibiwa na mwanga kwanza, joto pili. Kanuni za mwaka 2011 ziliagiza mafuta yanayozalishwa viwandani hapa nchini yaongezwe vitamini A, na vitamini hiyo hufa haraka sana juani. Chupa angavu zinazopangwa barazani mwa duka zikipigwa na jua la saa nne zinapoteza kile kile zilichoongezewa. Ukinunua, chukua ya nyuma. Chumvi ya madini joto, ambayo imekuwa ya lazima nchini tangu katikati ya miaka ya 1990, haiozi kamwe, lakini madini joto yake hupotea ikikaa wazi mahali penye unyevu, kwa hiyo kikopo cha chumvi kiwe na kifuniko na kisikae kando ya sufuria inayofuka.

Hamira jaribu kwenye maji ya vuguvugu yenye sukari. Isipotoa povu kwa dakika kumi, imekufa; haitakudhuru, ila mandazi yatalala. Majani ya chai, bizari na mdalasini hupoteza harufu tu. Kahawa ya unga, kama ile inayotengenezwa Bukoba kwenye kiwanda cha Tanica, hukaa muda mrefu kopo likifungwa na kijiko kikiwa kikavu. Asali ya Tabora waachie wajukuu.

Makopo yana sheria yake. Chakula cha kopo kimepikwa ndani ya kopo lililofungwa, na kwa samaki, nyama na maharage joto hufikishwa takriban nyuzi 121 ili kuua hata mbegu za bakteria wakali zaidi. Kopo likibaki zima, kilichomo ndani hakina wa kukiozesha. Meli ya mvuke Bertrand ilizama Mto Missouri, Marekani, mwaka 1865 na shehena yake. Ilifukuliwa mwaka 1968, na mwaka 1974 wanakemia wakafungua makopo yake ya matunda, chaza, nyanya na mboga. Rangi na harufu vilikuwa vimepotea, vitamini C na A zimepungua sana, lakini hawakukuta bakteria waliokuwa wakiota ndani. Simwambii mtu ale kopo la miaka 109. Namwambia kopo la dagaa au maharage lililopita tarehe kwa miezi sita, lisilo na kutu ya kutoboa, lisilobonyea kwenye mshono, si la kuogopwa. Nyanya na nanasi za kopo zina asidi inayokula bati kwa ndani, hivyo hizo zimalizwe mapema zaidi.

Lakini kopo lililovimba usilifungue. Usilionje, usimpe mbwa. Ndani yake anaweza kuwamo bakteria wa botulizimu, anayependa mahali pasipo na hewa na pasipo na asidi, na ambaye sumu yake, kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, hupooza misuli ya kupumua. Tusidhani huyu ni wa nchi za makopo. Mwaka 1980 jarida la kitabibu la Uingereza, British Medical Journal, liliandika kuhusu watu wa Kenya waliopata botulizimu kwa kula kumbikumbi waliosafirishwa wakiwa wamefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Kumbikumbi wenyewe ni chakula chema, wanaliwa pande zote za ziwa. Kilichoua ni kufungiwa kwenye plastiki wakiwa hawajakauka. Nasema hivi nikiwaza senene wa Bukoba na dagaa wa kukaanga wa Mwanza, ambao sasa wanafungwa kwenye pakiti nzuri na akina mama wajasiriamali. Pakiti inayobana ni rafiki wa chakula kikavu, na ni adui wa chakula kibichi.

Visivyosamehewa

Maziwa ya unga ya watoto wachanga yakipita tarehe yasitumike, hata kwa siku moja. Mtoto wa miezi mitatu anayelishwa hayo hana chakula kingine. Vitamini zikipungua kwenye kopo, zimepungua kwenye mwili wake. Marekani, nchi ambayo sheria yake ya shirikisho haidai tarehe kwenye karibu chakula chochote, inaidai kwenye hicho kimoja.

Na karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi, pamoja na mahindi ya aina hiyo, zitupwe bila kujali tarehe inasemaje. Sumu ya ukungu huo, sumukuvu, haionekani, haina ladha inayoaminika, na haifi kwa kuchemshwa wala kukaangwa. Mwaka 2016 iliikumba mikoa ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, na 20 kati yao wakafa. Kenya mwaka 2004 waliugua watu 317 na kufa 125, wengi wao Makueni na Kitui. Mahindi yao yalikuwa ya nyumbani, hayana lebo, yalihifadhiwa yakiwa na unyevu. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5 kabla ya kuhifadhiwa. Anayenunua siagi ya karanga ya kienyeji ana haki ya kumuuliza muuzaji karanga zilichambuliwa kabla ya kusagwa au la, maana zikishasagwa hakuna jicho linaloweza kutenganisha mbovu na nzima.

Mwenye duka

Hadi hapa nimezungumza na mwenye sufuria. Kwa mwenye duka maneno yangu ni machache na ni makali zaidi.

Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 iliunda Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, na tangu Julai 2019 kazi ya kusimamia chakula na vipodozi ilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, huku TFDA ikigeuka kuwa TMDA ya dawa na vifaa tiba. Wakaguzi wanapoingia dukani hawaulizi kama tambi iliyopita tarehe bado inalika. Wanaiondoa. Wapo wafanyabiashara wanaoliona hilo kuwa uonevu, na wananukuu hoja zilezile nilizozitoa hapo juu: si imekauka, si ni tarehe ya ubora tu?

Siikubali hoja hiyo midomoni mwao. Anayejua pakiti ilikaa wapi ni muuzaji, anayeila ni mwingine. Mimi nikila tambi iliyopita tarehe kwa miezi minne, najua kabati langu na najua nilinunua lini. Mteja wa Mangi hajui chochote zaidi ya maneno ya muuzaji, ambayo daima ni yaleyale: hii bado nzima, mama, chukua tu. Kibaya zaidi ni mchezo wa kufuta tarehe kwa kiyeyushi cha rangi na kupiga nyingine, au kumimina maziwa ya unga ya zamani kwenye mfuko mpya. Anayefanya hivyo anaichukua hatari, anaifunga, na kuiuza kwa bei ya usalama.

Mwambao huu una kumbukumbu nzuri ya jambo la kinyume, la muuzaji kulazimishwa kumlinda mlaji. Ulaya ilipofunga milango kwa samaki wa Ziwa Victoria mwaka 1997, na tena mwaka 1999, viwanda vya minofu ya sangara vililazimika kubadilika. Nyegezi leo kuna maabara ya taifa ya ubora wa mazao ya uvuvi, na mnofu unaokwenda ng'ambo unafuatiliwa joto lake tangu unapotoka majini. Ujuzi wa kusimamia chakula kwa joto lake upo hapahapa mjini. Unatumika kwa mlaji wa mbali. Sioni kwa nini ghala la jumla la unga na mafuta pale mjini lisidaiwe angalau kipimajoto ukutani na mbao za kuinulia magunia.

Ulaya nako mjadala umesonga. Mwaka 2022 kampuni ya maduka ya Morrisons ya Uingereza iliondoa tarehe ya usalama kwenye sehemu kubwa ya maziwa yake, ikaweka ya ubora na kuwashauri wateja wanuse kwanza. Denmark kuna pakiti zinazoongezewa maneno ya kusema kwamba mara nyingi chakula ni kizuri hata baadaye. Wana sababu: kwa hesabu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na kaya ndizo zilizotupa sehemu kubwa zaidi. Lakini maziwa ya Uingereza yanatoka kwenye friji hadi kwenye friji. Mtindi unaoshinda kwenye ndoo kando ya stendi ya Nyegezi hauwezi kupewa ruhusa hiyo. Tukiiga, tuige kwenye tambi, mchele na chumvi, na tuache maziwa.

Kinachowezekana kesho ni kidogo na hakihitaji sheria mpya. Bidhaa inayokaribia tarehe iuzwe kwa punguzo lililoandikwa waziwazi, kabla ya tarehe na si baada yake, kama yafanyavyo maduka makubwa machache mjini, ili mwenye kipato kidogo apate nafuu na muuzaji asibaki na mzigo wa kuficha. TBS iwadai watengenezaji waandike kwa Kiswahili, kwa maneno kamili, kama tarehe ni ya ubora au ya usalama. Na muuzaji wa kupima anapofungua mfuko wa kilo 25, akate lebo yake kwa mkasi, aibandike mbele ya ndoo anayopimia, aandike chini yake kwa kalamu ya wino siku aliyoufungua. Mteja aliyesimama upande wa pili wa kaunta na kikapu chake ataisoma mwenyewe.